Bombo na Waya za Meno: Somo kwa Wamama

Wakati watoto wanapimwa kilo na kadi zinaandikwa, tukae pamoja kidogo, tusikilizane. Mwenye mtoto anayelia amunyonyeshe tu, hakuna haya hapa.

Somo letu la leo ni juu ya bombo. Bombo na meno, na zaidi bombo na mtoto aliyewekewa waya kwenye meno. Ninajua wengine watasema: "Mama, ile ni mambo ya watu wa mji. Sisi huku waya tutaitosha wapi?" Musikie kwanza. Zamani hapa kwetu tuliona waya kinywani kwa mtu aliyevunjika taya tu. Siku hizi watoto wa Goma, Bukavu ao Kinshasa wanakuja likizo kwa bibi zao, na waya inang'aa kwenye meno, na bibi ndiye anayewapikia na kuwapa vitu vitamu. Tena ugonjwa unaoharibu jino lenye waya ni ule ule unaoharibu jino la mtoto unayemushika pale kwenye mapaja. Waya inauharakisha tu. Kwa hiyo somo hili ni la kila mama.

KOSA LANGU SIKU YA NOELI

Ninaanza na kosa langu mwenyewe. Mwaka mmoja nilisaidia kugawanya zawadi kwa watoto wa masomo ya siku ya Mungu, wakati wa Noeli. Tulikuwa na bombo nyingi, zile laini za kuvutika, zinazoshikamana na meno kama ulimbo. Watoto walisimama kwa mstari. Katika mstari ule alikuwapo msichana wa miaka 12, ambaye meno yake ya juu yalitoka mbele sana. Mama yake aliuza vitu kwa kuvuka mpaka, akakusanya franga muda mrefu, akamupeleka kwa muganga wa meno mjini, akawekewa waya.

Yule msichana alifika mbele yangu amefunga midomo. Nikamupa bombo sita mkononi. Akaangalia chini, akasema: "Mama, daktari alinikataza." Mimi nikacheka, nikamujibu: "Kula, mtoto wangu, leo ni sikukuu." Mimi, mwuguzi, ninayefundisha wanafunzi wa uuguzi kila siku! Sikuuliza daktari alikataza nini, wala kwa sababu gani.

Alikula moja. Ile bombo ilishika kifungo kimoja, ikakivuta, kikatoka kwenye jino, na ncha ya waya ikaanza kumuchoma shavu. Hakumwambia mama yake, maana aliogopa. Zile zingine tano alizificha. Akaona ni tamu, akaanza kununua zingine butikini, akazila moja moja usiku, chini ya blanketi. Njia ya mji ilikuwa mbaya kwa mvua, na franga za kurudi kwa muganga hazikuwapo. Kufika Pasaka, meno yake yalikuwa na alama nyeupe sawa chokaa kuzunguka vifungo, na jino moja lilikuwa na tundu.

Mama yake alikuja kwangu hospitalini. Hakupiga kelele. Alisema tu: "Mama, wewe njo ulimupatia." Sikuwa na jibu. Ndiyo maana nawafundisha somo hili.

WAYA NI YA KAZI GANI?

Waya za meno ni za namna mbili.

Namna ya kwanza ni waya ya kunyoosha. Muganga anabandika kifungo kidogo juu ya kila jino, halafu anapitisha waya katika vifungo vyote. Waya inasukuma jino polepole. Mfupa wa taya unayeyuka kidogo upande jino linakoelekea, na mfupa mpya unajengwa nyuma yake. Kazi hii ni ya polepole kabisa: mara nyingi inachukua mwaka mmoja na nusu mpaka miaka miwili, na wengine zaidi. Muda huo wote mtoto anakula na vifungo kinywani. Kifungo kimoja kikitoka, jino lile halivutwi tena vizuri, na siku za kukaa na waya zinaongezeka.

Namna ya pili ni waya ya kufunga. Mtoto ameanguka juu ya chukudu ao kwenye mti wa maembe, meno ya mbele yamelegea. Muganga anayafunga na meno ya jirani, kwa juma 2 ao juma 4 kufuatana na jeraha, mpaka yashike tena. Huyu hapana kula bombo hata moja mpaka waya itoke. Chakula chake ni laini: uji, viazi vya kuponda, maharagi ya kuponda, mayai. Na yule aliyefungwa taya zote mbili pamoja, asiweze kufungua kinywa, anakunywa tu kama alivyoagizwa na hospitali.

Mambo yanayofuata ni kwa mtoto mwenye waya ya kunyoosha, kwa sababu huyo atakaa nayo miaka, na hatuwezi kusema hataonja kitu kitamu hata siku moja. Tukikataza yote, atakula kwa siri. Nimewaonyesha siri inaleta nini.

KWA SABABU GANI BOMBO INAHARIBU JINO?

Wamama, katika kinywa cha kila mtu muna vidudu vidogo sana, macho hayavioni. Vinakaa juu ya jino katika ule utando unaoteleza, unaousikia kwa ulimi asubuhi. Mtoto akila sukari, vidudu navyo vinakula. Vikisha kula, vinatosha maji makali, kama ukali wa limau. Ukali huo unakula jino, unatosha ile chokaa inayolifanya kuwa gumu. Unaanza baada ya dakika chache tu, na unaendelea kama nusu saa ao kupita, mpaka mate yasafishe kinywa na kurudishia jino nguvu.

Sasa muhesabu pamoja nami. Mtoto akila bombo sita mara moja, baada ya chakula, ukali unakuja mara moja. Mate yanafanya kazi yake, jino linapumzika. Lakini akila bombo moja sasa, nyingine kisha saa moja, nyingine njiani, ukali unakuja mara sita. Sukari ni ile ile, bombo ni zile zile sita, lakini jino limepigwa mara sita, halikupata nafasi ya kupumzika. Na usiku ni mbaya kuliko mchana, kwa sababu mtu akilala mate yanapunguka sana.

Kwa mtoto mwenye waya ni vibaya zaidi. Jino tupu ni sawa ukuta laini: maji yakipita, yanasafisha. Jino lenye kifungo na waya ni sawa ukuta wenye vijiti na mashimo: uchafu unabaki nyuma yake, ulimi haufiki, mate hayafiki vizuri. Kama meno hayasafishwi, alama nyeupe zinaweza kuanza katika juma 4 tu. Ile alama nyeupe ni onyo. Kama imeonekana mapema, kwa kusafisha vizuri na dawa ya meno yenye fluori inaweza kusimama, hata kupunguka. Lakini tundu likiisha kufunguka, halijifungi lenyewe. Ni muganga tu analiziba.

JAMBO LILILOJULIKANA KATIKA INCHI YA USWIDI

Hapa Kivu tunaijua Uswidi, maana wamisionari Wapentekoste walitoka kule wakaja kwetu tangu miaka ya 1920. Katika inchi ile kulikuwa na nyumba kubwa ya watu wenye ulemavu wa akili, jina lake Vipeholm, karibu na mji wa Lund. Tangu mwaka 1945 waganga walichunguza pale namna sukari inavyoharibu meno. Wagonjwa wengine walipewa sukari katika chakula. Wengine walipewa bombo za kushikamana kati ya chakula na chakula, hata 24 kwa siku moja.

Matokeo yaliandikwa mwaka 1954. Wale waliokula sukari pamoja na chakula, meno yao hayakuharibika sana. Wale waliokula bombo za kushikamana katikati ya siku, meno yao yaliharibika vibaya sana. Toka hapo watu wa Uswidi wakafundishwa desturi ya kuwapa watoto bombo siku moja tu kwa juma, siku ya posho, na desturi hiyo inajulikana kwao mpaka leo.

Lakini tusipite upesi. Wagonjwa wale hawakuulizwa kama wanakubali. Waliharibiwa meno, watu wasioweza kujitetea, ili sisi tupate kujua. Haikuwa haki. Basi, tukilipata fundisho kwa maumivu yao, tusilitupe.

BOMBO GANI IACHWE, GANI IKUBALIWE?

Kwa mtoto mwenye waya, tuangalie mambo mawili: je, kitu hiki kitavunja waya? Na je, kitakaa muda mrefu kwenye meno?

Viachwe kabisa mpaka waya itoke:

– Bombo za kushikamana na kuvutika, karameli, na chingomu ya sukari. Zinavuta vifungo.
– Bombo ngumu za kuvunja kwa meno. Zinavunja kifungo. Na kama mtoto anainyonya polepole bila kuivunja, sukari inaosha meno muda mrefu. Bombo ya kijiti ni vile vile.
– Karanga zilizopikwa na sukari mpaka zikawa ngumu kama jiwe.
– Muwa wa kumenya kwa meno. Najua huu ni mgumu kuukataa! Lakini muwa unang'oa vifungo, na nyuzi zake zinabaki chini ya waya. Mahindi ya kuchoma ni vile vile: usimupe gunzi, toa punje zilizo laini kwa kisu.

Vinaweza kukubaliwa, kidogo, baada ya chakula:

– Chokoleti laini isiyo na karanga wala karameli ndani. Inayeyuka na kutoka upesi.
– Biskuti laini, ao mkate mtamu laini. Lakini unga wake unabaki kwenye waya, lazima kusukutua.
– Matunda laini ni bora kuliko vyote: papai, ndizi iliyoiva, parachichi, embe iliyokatwa vipande. Mtoto asing'ate embe kwenye kokwa.

Laini haina maana haina sukari. Laini haivunji waya, lakini vidudu vinaila vile vile. Na musisahau vinywaji: soda na chai yenye sukari nyingi ni bombo ya maji. Inaingia katika kila tundu la waya. Akinywa soda, anywe wakati wa chakula, amalize, asitembee nayo saa nzima akionja kidogo kidogo. Hata siro ya kikohozi mara nyingi ina sukari. Mupe dawa kama ulivyoambiwa, halafu asukutue kwa maji.

SAA GANI, NA NAMNA GANI?

Bombo ina saa yake. Saa hiyo ni mara baada ya chakula, kwa sababu wakati wa kula mate ni mengi. Na ina siku yake. Fanyeni kama wale wa Uswidi: siku moja kwa juma. Sisi tunaweza kuchagua siku ya Mungu, baada ya kutoka kanisani na kula. Mtoto akijua siku yake inakuja, hataiba. Ale zote alizopewa wakati ule ule, asiweke mfukoni. Usimupe moja ya kumunyamazisha akilia. Usiku, kisha kusafisha meno, hapana kitu kingine ila maji.

Kitabu cha Mithali, sura ya 25, kinasema juu ya mtu aliyepata asali: ale kiasi cha kumutosha, asizidishe mpaka akatapika. Hakikumukataza asali. Kinamufundisha kiasi.

KUSAFISHA MENO YENYE WAYA

Akimaliza kula, kwanza achukue kopo la maji safi, asukutue kwa nguvu, apitishe maji katikati ya waya, ateme. Afanye mara tatu. Hata kule masomo anaweza kufanya hivi.

Asubuhi na usiku asafishe kwa burashi ndogo laini. Aweke burashi juu ya waya akiielekeza chini, asugue polepole. Kisha aweke chini ya waya akiielekeza juu, asugue tena. Jino moja moja. Kisha upande wa ndani, na upande wa kutafunia. Kwa mtu mwenye waya, dakika mbili hazitoshi sikuzote. Aendelee mpaka vifungo ving'ae. Mama, shika taa, angalia mwenyewe. Mtoto wa miaka 12 atakuambia "nimemaliza" bila kumaliza.

Tazama tubu ya dawa ya meno kama neno "fluor" limeandikwa. Hiyo ndiyo inayolipa jino nguvu. Mtoto wa chini ya miaka 3 apewe kiasi cha punje ya mchele. Wa miaka 3 mpaka 6, kiasi cha punje ya njegere, asiimeze. Mswaki wa mti unaweza kusafisha meno ya mtu asiye na waya, lakini nyuzi zake ngumu zinasumbua vifungo. Majivu na mchanga visitumike.

WAYA IKIVUNJIKA

Usimupige mtoto. Akiogopa kipigo, ataficha, na kuficha ndiko kulikomuharibu yule msichana.

Ncha ikichoma shavu, nawa mikono, ujaribu kuisukuma polepole kwa pamba safi. Ikikataa, funika ncha kwa nta ambayo muganga alitoa. Asukutue kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo. Usivute waya, usiikate kwa koleo ya fundi. Kifungo kikitoka chote, kifunge katika kitambaa safi, ukipeleke kwa muganga. Mujulishe siku ile ile kwa simu kama inawezekana, usingoje tarehe ya kadi. Kama mtoto amemeza kifungo na anapumua vizuri, mara nyingi kitapita chenyewe. Lakini mujulishe muganga. Akikohoa sana, akipumua kwa shida, ao akiumwa na tumbo, mumulete hospitali mara moja, hata usiku.

Na kwa wadogo wenu hapa: mtoto wa chini ya miaka 5 asipewe bombo ngumu hata moja, awe na waya ao asiwe nayo. Inaweza kuingia katika koo na kuziba pumzi. Tena chupa ya maji ya sukari isilale naye kitandani. Meno ya mbele yanaharibika mapema sana kwa sababu hiyo.

YULE MSICHANA

Mutauliza: akawa namna gani? Tulikusanya franga, mimi na wamama wa kanisa, akarudi mjini. Tundu likazibwa. Lakini muganga aliona alama nyingi, akaondoa waya mbele ya wakati, kuokoa meno. Yamenyooka nusu tu. Alama nyeupe zipo hata leo, na akicheka anaweka mkono kinywani. Mama yake alinisamehe. Mimi kila Noeli ninakumbuka.

Noeli iliyofuata tulibadilisha desturi. Watoto walikula wali na maharagi kwanza. Halafu kila mmoja alipata vipande vya papai, kalamu, na bombo moja, akaila pale pale. Mlangoni tuliweka ndoo ya maji safi na kopo, kila mmoja na zamu yake, na kopo likaoshwa kila mara. Kulikuwa na kelele nyingi ya kusukutua na kutema! Hakuna mtoto aliyelia kwamba amenyimwa.

TUKUMBUKE

1. Mara ngapi mtoto anakula sukari ni jambo kubwa kuliko ngapi anakula kwa mara moja.
2. Bombo ya kushikamana na bombo ngumu hazipatani na waya.
3. Kitu kitamu ni baada ya chakula, siku moja kwa juma, kisha maji.
4. Asubuhi na usiku: burashi juu ya waya na chini ya waya.
5. Alama nyeupe ni onyo. Kifungo kikitoka, usingoje.
6. Mtoto akisema "daktari alinikataza", umusikilize.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

Bibi amemupa mtoto mwenye waya muwa mzima. Utamwambia bibi nini kwa heshima, na utampa mtoto kitu gani badala yake?

Mtoto ana bombo nne na anataka kuzila moja moja mpaka jioni. Utamuonyesha namna gani kwamba ni vizuri azimalize baada ya chakula?

Nani katika nyumba yako anawapa watoto bombo, na saa gani?

Mungu awasaidie kulea watoto wenu, nao wacheke bila kuficha kinywa. Sasa, mwenye kadi ya kwanza asogee kwenye kilo.